Mteja anasubiri afike mlangoni ndo aseme la maana

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mshauri nasaha, huu mwaka wa pili kazini. Kikao chetu ni dakika 50 ila changu kinafika saa na nusu, na sio mara moja. Kuna mteja anaongelea bosi wake muda wote, afu nikishafunga daftari, yeye kashashika kitasa, ndo anasema "afu kuna kitu sijawahi kumwambia mtu." Sasa hapo ntamwambia toka? Namkalisha, tunaanza upya, wa nje ananuna. Usiku simalizi usingizi. Na juzi mteja mwingine kalia mbele yangu mi sikuhisi kitu kabisa, nikawa naangalia saa tu. Niko sawa kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huyo wa kitasa, maana kila mshauri anaye wake. Anasemea mlangoni kwa sababu mlango uko karibu, yaani anaonja maji kwa kidole huku njia ya kukimbia anaiona. Ukimrudisha kwenye kiti umemfungia hiyo njia, halafu unamzoesha kwamba kikao chenyewe kinaanza dakika ya 51, na zile 50 za mwanzo ni za bosi.

Mwambie hivi, ukiwa umesimama: "Nimelisikia. Ni zito, dakika mbili hazilitoshi. Wiki ijayo tunaanza nalo." Na wiki ijayo kweli uanze nalo, maana atakuja na "aah, lile dogo tu." Kitu kingine, zikibaki dakika kumi mwambie zimebaki kumi, muulize kama kuna jambo hajaligusa. Hapo mlango umeusogeza ndani ya kikao. Na saa iweke ukutani nyuma ya kiti cha mteja, uione bila kugeuza shingo, hakuna kinachomuumiza mtu kama kukuona unachungulia mkono.

Ila akisema anataka kujiua, au kuna mtu anataka kumdhuru, au kuna mtoto anaumizwa, sahau habari ya dakika. Kaa chini, uliza waziwazi, "unafikiria kujiua? una mpango?" Kuuliza hakumtii mtu hilo wazo kichwani, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Usimwache aondoke peke yake, mpigie msimamizi wako hapohapo. Hapa pia ndo mwisho wa siri, na natumaini ulimweleza hivyo siku ya kwanza, sio leo analia.

Kati ya mteja na mteja acha dakika kumi na uzilinde kwa wivu. Andika noti fupi, alichosema, ulichofanya, mlichokubaliana, basi, kunywa maji, nenda chooni. Mi nilikuwa naandika usiku kitandani, nikaja kuandika maneno ya mteja mmoja kwenye faili la mwenzake. Nilijua wiki iliyofuata nilipomuuliza habari za mtoto ambaye hana.

Sasa hilo la kutohisi kitu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu watu wa kliniki ya bure walivyokuwa wanajitolea mpaka wanaishiwa kabisa, na yeye alikuwa mmoja wao, mchana ana wateja wake, usiku yuko kliniki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema uchovu huu sio ugonjwa, ni jambo la kazini, na dalili zake ni kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi kitu cha maana. Wewe kuhusu mbili za kwanza umeshaniandikia mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kujilaumu moyo, hesabu kwanza unaona wangapi kwa siku, wangapi kati yao ni wazito, na uliwapanga mfululizo au la.

Afu nenda kwa msimamizi na ile sehemu inayokuaibisha, sio ile uliyofanya vizuri. Mwambie nilikuwa naangalia saa mtu analia. Mwambie pia huyu wa kitasa nashindwa kumwacha aende, mkae mtafute kwa nini yeye na sio wengine. Mara nyingi anakukumbusha mtu fulani wa kwako. Nyumbani habari za mteja zisifike, hata bila jina, ila "leo nimechoka, nipeni nusu saa" hiyo ruksa.

SWALI: Mteja ananitumia meseji WhatsApp saa saba usiku, nisipojibu anasema simjali. Nifanyeje?

JIBU: Kosa lilianza siku ulipomjibu saa saba, na wengi tumelifanya. Usimtangazie sheria kwa meseji, lilete kwenye kikao: meseji ni za kubadilisha muda tu, utajibu saa za kazi, na usiku akizidiwa apige namba ya dharura, mwandikie kabisa kwenye karatasi aondoke nayo. Atanuna. Huko kununa mkuongelee, maana huenda hajawahi kuambiwa hapana na mtu ambaye wiki ijayo bado yupo.