Maswali ya wasomaji: papa, chumvi na digrii ya bahari

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, wengi wameniuliza kuhusu fiziolojia ya viumbe wa baharini, yaani jinsi miili yao inavyofanya kazi. Wazazi nao wameuliza, kwa wasiwasi wao.

Nimesoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), Fizikia niliiachia kidato cha nne. Nitaweza? (Msomaji, Tanga)

Utaweza, lakini Fizikia utakutana nayo tena: msukumo wa damu, gesi kupenya kwenye matamvua, umeme wa neva. Hata hivyo, kinachoangusha wengi ni Kemia. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka unaoomba, achana na habari za vijiweni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha fani hii Kunduchi, na kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar kwa wanaoendelea na shahada za juu. Jirani zetu Kenya wana Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Mwalimu, salamu. Mimi nachuuza samaki. Mwanangu ananiambia chuoni watamfundisha kwa nini papa ananuka. Hiyo nayo ni ya kulipia ada? (Mama, Kilifi)

Salama, mama. Lipa tu, maana ndani ya harufu hiyo mna nusu ya somo.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Damu ya changu au tasi ina kama theluthi ya hiyo, kwa hiyo bahari inamnyonya maji muda wote: samaki anakaukiwa akiwa majini. Dawa yake ni kuyanywa hayo hayo maji ya chumvi, kisha seli maalumu za matamvua zinaitoa chumvi nje. Mkojo wake ni haba.

Papa ana ujanja mwingine. Urea, taka ambayo sisi tunaitoa kwa mkojo, yeye anaitunza mwilini mpaka damu yake inalingana na bahari, hata kuizidi kidogo. Urea nyingi huharibu protini, hivyo anatunza na kemikali nyingine ya kuzikinga. Chumvi iliyozidi inatolewa na tezi ndogo iliyo mwishoni mwa utumbo, na kwa kuichunguza tezi hiyo watafiti wa tiba wamejifunza mengi kuhusu chumvi inavyopita kwenye seli za binadamu. Papa akishakufa, bakteria wanaivunja urea kuwa amonia. Ndiyo hiyo inayokupiga puani ukifunua kapu lililochelewa kufika sokoni, na ndiyo sababu mvuvi mjuzi humtoa papa damu mapema.

Silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa Tanga, naye anatunza urea, ingawa si jamaa wa karibu wa papa. Kwa nini wanafanana hivyo? Swali kama hilo mwanao anaweza kulifanyia utafiti hadi uzamivu.

Ni kweli pweza ana mioyo mitatu?

Kweli. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja kwenye mwili mzima. Huu wa mwili husimama anapoogelea, ndiyo maana kuogelea kunamchosha na anapendelea kutambaa. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba.

Nina huruma na wanyama. Tutapasua walio hai? (Msomaji, Mombasa)

Mtapasua, ila wengi ni samaki waliokwisha kufa, wa kununua sokoni. Kwa walio hai, kazi kubwa ni kupima. Perege anawekwa kwenye chombo kilichofunikwa chenye kipima oksijeni, maji yanapashwa polepole, nawe unahesabu vifuniko vya matamvua vinafunguka mara ngapi kwa dakika. Joto likipanda, hesabu inapanda: mwili unadai oksijeni zaidi wakati maji ya moto yanashika kidogo. Utafiti wowote wa namna hiyo unahitaji kibali cha maadili. Ukweli mchungu ni kwamba muda mwingi utakaa tu ukisubiri samaki atulie.

Sijui kuogelea.

Jifunze. Maabara haitakudai, ila mashua itakudai.

Kazi ipo? (Baba wa mwanafunzi, Bagamoyo)

Tangazo la kumtafuta mwanafiziolojia wa bahari hutaliona, mzee wangu. Taasisi za utafiti wa uvuvi na bahari, TAFIRI ya Tanzania na KMFRI ya Kenya, zinaajiri, lakini nafasi ni chache. Mimi naiona riziki zaidi kwenye ufugaji: mwatiko, kaa, jongoo bahari. Kaa akijivua gamba anabaki laini, na wenzake wanamla. Mwenye shamba anataka mtu wa kuziona dalili mapema amtenge. Masika yakimwaga maji baridi (yasiyo na chumvi) bwawani, mwatiko anavumilia, ila jongoo bahari hana uwezo wa kurekebisha chumvi ya mwili wake, na mtaji unaweza kuteketea. Mwambie kijana aombe mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la namna hiyo, na ahakikishe masika yanamkuta hapo.