Kabla umwage damu, nunua mashati

Watu huniuliza wanunue kamera gani ya kushuti filamu fupi ya kutisha, zile za damu kuruka hadi ukutani, na mimi huwauliza mko na mashati mangapi. Simu yenye uko nayo inatosha. Shati ndio inamaliza watu. Ukishamwagia mwigizaji damu hiyo sini imeenda, kama alikosea maneno ama pikipiki ilipita ikipiga kelele huwezi rudia hadi avae nguo ingine kama hiyo hiyo, na hapo ndio wengi wetu huku Kisumu tunakwama juu nguo tunatoa soko la Kibuye na mtumba hauna pacha, hiyo shati ya maua umechagua kwa bale hutaipata tena hata ukeshe sokoni. Kwa hivyo mvishe vesti nyeupe ama shati ya yunifomu ya shule, za dukani, saizi moja, ununue kama tatu hivi. Halafu shuti sini zote safi kwanza na damu iwe mwisho, hata kama hadithi yenyewe inaanza na maiti.

Damu yenyewe ni bei ya chai. Sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, chemsha hadi ianze kuwa nzito, iache ipoe kabisa, weka rangi nyekundu ya chakula. Ukiachia hapo itakaa juisi ya sherehe, na kila mtu ataona ni juisi. Ongeza kakao kidogo kidogo ukikoroga, ndio inafanya iwe nyeusi kiasi na isipitishe mwanga. Hitchcock kwa filamu yake ya Psycho mwaka 1960 alitumia shira ya chokoleti na mambo yakaenda sawa, lakini yeye alikuwa anashuti blaki enda waiti, hakuna mtu angejua rangi. Ya kumwagia nguo itie sabuni ya maji ndio kufua kuwe rahisi, na ya kutoka mdomoni iweke chupa yake kando bila sabuni, andika juu, juu kuna mtu atachanganya tu.

Kitu hakuna mtu hukwambia ni wadudu. Hiyo ni sukari bana. Ukilaza maiti kwa nyasi saa saba mchana na jua yetu hii, nzi wanakuja kwanza, halafu sisimizi, halafu nyuki, na maiti haifai kujikuna. Shuti ndani ama jioni. Na kama ni nyumba ya kupanga, funika sakafu na ukuta na nailoni hadi juu, juu rangi ya chakula ikiingia kwa simiti landilodi atakula depositi yako na hutakuwa na la kusema.

Kidonda tumia tishu na gundi ya kope, ile ya salun, usijaribu supaglu kwa ngozi ya mtu. Bandika tishu laya kwa laya, ikauke, pasua katikati, jaza damu nzito ya kakao. Matumbo ya mbuzi ya buchari yanaonekana poa asubuhi lakini kufika saa nane hakuna mtu anataka kukaribia hiyo maiti, mimi naona bora stokini ndefu umejaza pamba ukailoweka. Damu ya kuruka inatoka kwa sirinji kubwa na mrija wa dripu, vyote viko chemisti. Pampu ya kuogesha ng'ombe pia inarusha vizuri sana lakini iwe mpya, ile imewahi kubeba dawa ya kupe usimrushie binadamu hata ukiiosha mwezi mzima.

Halafu sauti. Huku western tuna bahati, miwa iko kila mahali, shika kipande karibu na simu ukivunje polepole, hiyo ni mfupa na hakuna programu itakupea kitu kama hicho. Papai limeiva kupita kiasi, liminye ndani ya sufuria. Ukiwa na sauti hizo mbili hata huhitaji kuonyesha mkono ukikatwa, onyesha panga ikipanda, onyesha uso, sauti, kisha mkono chini. Na ukate mkono mmoja tu. Filamu ya dakika tano ikikatwa watu wanne, huyo wa tatu watu wanacheka.

Panga iwe ya plaiwudi umepaka rangi ya silva. Ambia majirani, mzee wa nyumba kumi na polisi wa hapo karibu mapema, juu kijana amelowa damu akikimbia na panga mtaa wa Manyatta hatapewa nafasi ya kueleza ati ni filamu. Kibali cha kushuti pia ni lazima kisheria, na ukitaka kuionyesha watu lazima ipitie KFCB, ile bodi ya kuainisha filamu Kenya, iainishwe.

Usijiharakishe. Peter Jackson huko Nyuzilandi alishuti Bad Taste ya 1987 wikendi wikendi kwa karibu miaka minne, na vinyago akavioka kwa oveni ya mamake. Ila ukishuti hivyo piga picha ya kila doa la damu kabla mtu avue shati, juu wikendi ijayo hakuna atakumbuka lilikuwa bega gani. Na rangi ya ngozini itoe na sabuni, ingawa vidoleni itabaki tu pinki siku mbili hivi, kwa hivyo mwigizaji mwenye anafanya kazi kaunta ya benki auliwe Ijumaa jioni, sio Jumapili.