Farasi wa Shire hafungwi nira ya ng'ombe

Mkuu, umeuliza kama huyo farasi wa Shire kwenye picha yako, farasi mkubwa wa kazi wa Uingereza, anaweza kufungwa nira ya ng'ombe. Hapana, haimfai, hata ukiichonga upya. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inakaa mbele yake na yeye anaisukuma. Farasi hana nundu, mzigo anausukuma kwa mabega, kwa hiyo anavishwa kola: pete nene ya ngozi iliyoshindiliwa mabua makavu, inayolalia mabega yote mawili na kuacha koo wazi apumue. Minyororo inatoka pande zote mbili mpaka kwenye plau. Kuivisha wanaigeuza juu chini kwanza, maana kola ni pana upande wa chini na kichwa ni kipana usawa wa macho, ikishapita ndipo wanaizungusha. Ikikaa sawa, kiganja kinapita bapa kati ya kola na koo.

Punda naye ni vivyo hivyo. Nimelima na punda miaka mingi, na kile kidonda cha nira juu ya shingo, chenye nzi, kinaniuma kila nikikiona. Kwa mkokoteni mwepesi kwenye tambarare, mkanda mpana wa kifuani unatosha. Kulima, mtafutieni kola.