Maswali ya Wasomaji: Wanaruka sura za mafunzo

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Ngamiani, Tanga. Jumamosi baada ya Alasiri wasichana wa kidato cha pili wanakuja barazani kwangu tunasoma riwaya. Sasa tuko kwenye Akata Witch ya Nnedi Okorafor. Shida yangu, wao wanataka mapambano tu. Sunny, msichana mhusika mkuu, akikaa kufundishwa, wanafunua kurasa mbiombio wamfikie yule mtekaji wa watoto. Tena mzazi mmoja kaliona jalada, kasema namfundisha mwanawe uchawi. Na katika kundi yumo binti mwenye ualbino, kama Sunny mwenyewe. Nifanyeje? – Mwalimu, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Nianze na mzazi, maana huyo asipotulia baraza litabaki na wewe na birika lako la chai.

Usibishane naye juu ya dini. Hapo humuwezi, na si kazi yako. Muulize kama alisoma Adili na Nduguze alipokuwa shule. Kama alisoma, mkumbushe Huria, binti wa mfalme wa majini, aliyewageuza Hasidi na Mwivu manyani, na Adili akatakiwa awachape ndugu zake kila usiku. Aliyekiandika ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, mwaka 1909, na sijasikia mtu wa mji huu aliyerogwa na kitabu hicho. Kama bado jalada linamkera, kitabu chenu hicho wachapishaji Cassava Republic walikitoa kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Mwonyeshe hilo. Wazazi wengine ugomvi wao ni na jalada, si na kurasa.

Sasa wasichana. Siwalaumu sana, sura za mafunzo katika riwaya nyingi za kifantasia zinachosha kweli: mwalimu mwenye ndevu, mwanafunzi anaanguka, anainuka, basi. Lakini hii si ya namna hiyo. Sunny ana miaka kumi na miwili, kazaliwa New York, wazazi wake Wanigeria, anaishi Aba. Kumbe ni mmoja wa watu wa Chui, wale wenye nguvu za uchawi, nguvu zimepita kwa bibi yake mzaa mama bila wazazi kumwambia neno. Wenzake Orlu na Chichi wamekulia ndani ya mambo hayo. Yeye anaanza sifuri. Kila anachojua msomaji, amekijua pamoja naye. Ukiruka somo lake, umejirukia na wewe.

Wape daftari moja la kundi. Kila Sunny anapofundishwa jambo, aandike mmoja wao: kajifunza nini, kwa nani, na kimemgharimu nini. Halafu pembeni waache nafasi tupu, watakuja kuijaza mbele ya safari: limemfaa wapi? Hiyo nafasi tupu ndiyo itakayowafanya warudi nyuma wenyewe, wewe utakuwa unamimina chai tu.

Jaribuni kwa daraja. Ili aingie Leopard Knocks, makao ya watu wa Chui, Sunny lazima avuke daraja jembamba, na havuki mpaka aitoe sura yake ya roho, ile inayoitwa Anyanwu. Kwa watu wa Chui, kuonekana sura hiyo ni kama kuonekana uchi. Waandike hivyo: kajifunza kuitoa, kafundishwa na wenziwe, kimemgharimu haya yake. Halafu waangalie anavyoitumia shuleni kumtishia msichana anayemwonea, na anavyoitwa kujieleza kwa hilo. Kisha wasome mwisho, anapokutana na Ekwensu, yule roho mwovu, waseme wenyewe anasimama na nini mbele yake. Aliyeruka daraja hataelewa kwa nini mwisho ule una uzito.

Waonyeshe na chittim, zile fedha zinazodondoka toka hewani mtu anapojifunza jambo. Nimemsikia mtoto akisema hiyo ni raha, unasoma unalipwa. Sawa, lakini muulize Sunny anazificha wapi zile fedha nyumbani, na anamwambia nini baba yake anaporudi amechelewa. Gharama kubwa ya mafunzo yake ni kunyamaza. Hapa wasichana wa pwani wana faida ambayo msomaji wa Chicago hana: mama zao na bibi zao wamekaa na somo, na wanajua kuna mafunzo mwali hayasemi barazani. Waulize tofauti. Somo wa mwali huletwa na wazazi wenyewe. Sunny anafundishwa kwa kuwaficha wazazi. Mjadala huo ukiwaka, kaa pembeni.

La yule binti nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalonishughulisha zaidi. Kabla ya yote, wewe soma kitabu chote peke yako, halafu zungumza naye kando, si mbele ya wenzake. Yule mtekaji, Black Hat Otokoto, anateka watoto na kuwadhuru kwa ajili ya nguvu za kishirikina. Kwa msomaji mwingine hiyo ni hadithi. Kwa mtoto mwenye ualbino aliyekulia Tanzania, hiyo ni sababu ya mama yake kumsindikiza dukani. Mwambie nini kinakuja, na umwachie yeye aseme kama anataka kusoma sura hizo na kundi au la.

Kuna analoweza kulipenda pia. Katika dunia ya watu wa Chui, kile ambacho wengine wanakiita kasoro ndicho mlango wa kipaji. Orlu herufi zinamchanganya, na yeye ndiye mtenguaji wa juju, yaani uchawi. Sunny ngozi yake imemweka karibu na ulimwengu wa roho. Lakini kuna mahali sielewani na mwandishi, na ningependa umwambie binti waziwazi: Sunny, akishaingizwa kwenye mambo hayo, jua halimuunguzi tena, anacheza mpira mchana kweupe. Hapo mwanzo alikuwa anatembea na mwavuli mweusi, na mpira anacheza na kaka zake usiku. Najua kwa nini mwandishi kafanya vile, anataka mtoto wake acheze. Ila wa kwako akitoka barazani Jumamosi, jua la Tanga halijasoma kitabu. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Na wenzake watengeneze nafasi upande wa kivuli bila kuambiwa.

*Bibi, nasoma kidato cha tatu Muheza. Riwaya za Kiingereza nashindwa, kila mstari nafungua kamusi. Niache? – M., Muheza*

Usiache, acha kamusi. Soma sura nzima kwanza, neno usilolijua liruke. Likijirudia mara kwa mara, ndipo ulitafute, maana hilo mwandishi analihitaji. Maneno ya Kiigbo kamusi yako haitakusaidia hata hivyo. Na ukikwama kabisa, panda basi uje Tanga Jumamosi, kuna baraza Ngamiani. Mwalimu atanisamehe kwa kukualika bila kumuuliza.