Muulize Mama Steshenari: Mtandao upi huo?

Barua za mwezi huu nimezisoma zote, na karibu kila moja ina neno lile lile: mtandao. Mtandao umekatika. Mtandao unasumbua. Nimeiona mtandaoni. Wewe unatumia mtandao gani? Nimekaa nyuma ya kaunta hapa Ngamiani, Tanga, tangu 2002, kwanza na intaneti kafe ya kompyuta sita, sasa na steshenari ya kuchapa na kutoa fotokopi. Mteja akitamka neno hilo simjibu kitu mpaka nimwulize: upi? Kampuni ya laini yako ni mtandao, minara yake ni mtandao, intaneti ni mtandao, umbea wa mjini nao uko mtandaoni. Nguo moja tunamvisha kila mtu, halafu tunashangaa haimkai.

*Shikamoo Mama. Kwenye simu yangu WhatsApp inaingia vizuri, ila nikifungua tovuti ya kuangalia matokeo ya mwanangu inazunguka tu. Fundi kaniambia intaneti haipo. Kama haipo, hizo meseji zinapita wapi? (Mama wa watatu, Muheza)*

Marahaba mwanangu. Swali lako lina akili kuliko jibu la fundi. Intaneti ilikuwepo. Kilichogoma ni tovuti moja, na tovuti ni mali ya wavuti, si intaneti yenyewe.

Intaneti ni mawasiliano: kebo, minara, mitambo, na masharti ambayo kompyuta za dunia nzima zimekubali kuyafuata zinapopeana vitu. Wavuti ni kimoja tu kati ya vinavyopita humo, zile kurasa ambazo unabonyeza neno hapa unatokea kwingine. Meseji za WhatsApp zinapita humo humo bila kuwa kurasa za wavuti. Barua pepe vile vile, ilikuwepo miaka mingi kabla wavuti haujazaliwa.

Maana hata umri hawalingani. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao wa majaribio wa Wamarekani ambao ndio mzazi wa intaneti, ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka chuo kikuu kimoja cha Los Angeles. Walikuwa wanaandika LOGIN, neno la Kiingereza la kuingia kwenye mashine. Zikafika L na O, mashine ya upande wa pili ikazimika. Kwa hiyo ukikwama usijione mshamba, wenyewe walikwama herufi ya tatu. Wavuti ni wa juzi: Mwingereza Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa kazini CERN, maabara ya fizikia kule Geneva. Kompyuta iliyohifadhi kurasa za kwanza kabisa aliibandika karatasi kwamba mashine hii ni seva, isizimwe.

Karatasi ile ndiyo jibu lako. Kila ukurasa unaoufungua umekaa kwenye kompyuta fulani, mahali fulani, na kompyuta hiyo ndiyo tunaiita seva. Siku ya matokeo nchi nzima inaibishia hodi kwa pamoja, inaelemewa. Barabara nzima, mlangoni ndiko watu wamekanyagana. Siku nyingine fungua tovuti tofauti kabisa kwanza. Ikifunguka, usinunue bando jipya wala usizime simu na kuiwasha mara kumi. Lala, ujaribu saa tisa usiku.

*Mama, hujambo? Mwalimu wetu wa tarakilishi anasema picha tukiituma hukatwa vipande vipande. Je, haiharibiki? (Mwanafunzi, Kilifi)*

Sijambo mjukuu wangu, na mwalimu hajakudanganya. Chukua mtu anayetuma kitanda Dar kwa basi. Hakipakiwi kikiwa kimesimama. Kinafunguliwa, kila ubao unaandikwa namba na jina la mpokeaji, na basi moja likijaa mbao nyingine zinapanda linalofuata. Huenda ubao wa saba ukafika kabla ya wa pili. Mpokeaji anapanga kwa namba, na ukikosekana mmoja anapiga simu: wa nne sijauona, tuma tena. Tofauti yako na kitanda ni kwamba mtumaji wa picha anabaki na nakala, ndiyo maana anaweza kutuma tena kipande kilichopotea.

Kipande kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1,500, na herufi moja ya kawaida ni baiti moja, yaani ni pungufu ya ukurasa mmoja ninaokuchapia hapa. Picha yako ya MB 3, yaani baiti milioni tatu, inakwenda vipande kama 2,000. Vinakatwa, vinasafiri na kuungwa, wewe unaona picha tu.

Zamani ungeviona vikifika. Mwaka 2003 mama mmoja wa Chumbageni aliletewa habari kwamba mwanawe aliyeko Maskati kamtumia picha kwa imeili. Akaja na kanga mpya, kana kwamba yeye ndiye atakayeonekana. Nikaibonyeza. Ukatokea mstari wa buluu juu ya skrini, nikamwambia hiyo ni mbingu. Ukaongezeka mstari, kikatokea kitu cheupe, kofia. Halafu paji la uso, na hapo ikasimama. Mama akasogeza kiti, akagusa kioo kwa kidole, akasema, "Ndiye. Hilo paji la baba yake." Tukangoja. Zikaja nyusi. Likaja jicho moja lote na la pili nusu. Mpaka kidevu zilikuwa dakika kumi na moja, na mama hakuwa amefunga kinywa. Nikamtoza nusu saa kamili. Mpaka leo nikilikumbuka lile jicho nusu naona haya.

Wakati ule vipande vya picha ile vilipanda angani mpaka kwenye setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, vikashuka tena, na hiyo laini nyembamba tuligawana kompyuta zote sita. Jibu la mzee anayefuata litakwambia kilichobadilika.

*Binti yangu, mimi ni mvuvi. Mei ile ya 2024 simu zilipokwama, redioni walisema waya umekatika baharini. Nimetupa nanga miaka arobaini, sijaukuta waya. Intaneti si ya hewani? (Mzee, Pangani)*

Shikamoo mzee wangu. Ya hewani ni ile hatua fupi tu, kutoka simu yako mpaka mnarani. Kuvuka bahari, karibu yote inapita sakafuni, chini ya mashua zenu. Ndani ya kebo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na taarifa zinapita humo kama mwanga unaowaka na kuzimika upesi mno. Kebo yenyewe kwenye maji ya kina kirefu si nene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Ikikaribia ufukwe huvikwa nyaya za chuma na mara nyingi hufukiwa.

Kebo iitwayo SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, nyingine iitwayo EASSy ikafuata 2010, na ndipo picha zikaacha kuja paji kwanza. Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika, kwenye bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Utasema, basi mizigo si ipite kaskazini? Huko nako kulikuwa na msiba wake: SEACOM na kebo nyingine zilikuwa zimeshakatika kwenye Bahari ya Shamu tangu Februari. Mlango wa mbele na wa uani kwa wakati mmoja. Kilichobaki kilipita kwenye njia chache zilizosalia, tukabanana humo.

Nanga ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kebo kukatika duniani, pamoja na nyavu za kukokota, lakini ni nanga za meli. Ya ngalawa yako haina kesi.

Nikuongezee dogo, kwa kuwa siku ile ile mteja mmoja aliniambia hata barua aliyoiandika jana imepotea "kwa sababu ya waya". Barua ilikuwa kwenye diski ya kompyuta yangu, imelala salama. Kompyuta haihitaji intaneti ili kufungua kilichomo ndani yake.

*Mama, kompyuta yangu ni nzito. Fundi alisema memori ndogo, nikanunua diski ya nje ya GB 500. Bado nzito. Nimeibiwa? (Mwalimu, Lushoto)*

Hukuibiwa, mlipishana maneno. Hapa tena jina moja vitu viwili. Fundi alimaanisha RAM, yaani meza ya kufanyia kazi: kila programu uliyoifungua imetandazwa pale, na umeme ukizimika meza inafagiliwa. Ulichonunua ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kabati lingine halisaidii kitu. Angalia RAM ni GB ngapi. Kama ni 2 au 4, muulize fundi kama mashine yako inakubali kuongezwa, na wakati unasubiri usifungue kurasa ishirini kwa mpigo. Diski ya nje itunze, weka nakala za mitihani yako.

*Shikamoo Mama. Mwaka juzi kijana wa steshenari alinifungulia imeili ya kuombea kazi, akaweka neno la siri yeye. Sikuliandika. Nasikia ile kompyuta yake anaiuza. Nikiinunua nitazipata barua zangu? (Mtafuta kazi, Korogwe)*

Marahaba. Usiinunue! Ukinunua redio ya jirani hununui na mtangazaji. Barua zako hazijawahi kukaa kwenye kompyuta ya yule kijana. Ziko kwenye seva za kampuni inayotoa imeili, na mashine yake ilikuwa pa kuchungulia tu. Unaweza kuzisoma kwa simu yoyote, ukiwa na anwani na neno la siri.

Nisimseme sana kijana wa watu, kwa sababu na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Mteja ana haraka, tangazo la kazi linafungwa saa kumi, hana imeili: namfungulia, naweka neno la siri rahisi, naandika kwenye kauntabuku. Karibu wote niliwapa neno moja, jina la mji na mwaka. Mtu mmoja tu angelijua angesoma barua za nusu ya Ngamiani. Halafu kauntabuku lenyewe likaliwa na mchwa masika moja, wakaanza kunijia mmoja mmoja na barua za kuitwa kwenye usaili wasizoweza kuzifungua. Sasa mteja analiandika mwenyewe, mimi natazama ukutani.

Fanya hivi, na usichelewe. Anwani yako ya imeili itakuwa kwenye nakala ya barua ya maombi au wasifu wako, itafute. Ukifika pa kuingilia, bonyeza palipoandikwa kwamba umesahau neno la siri. Watatuma tarakimu kwenye namba ya simu iliyoandikishwa siku ile, ukiziingiza utaruhusiwa kuweka neno jipya. Kama ni Gmail, akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa, na wewe unasema mwaka juzi. Kama laini hiyo uliiacha kuitumia, angalia haijapewa mtu mwingine, maana kampuni za simu hugawa upya namba zilizolala.

Na kama namba aliyoiandika ni yake yeye kijana, basi mwahi kabla hajahama. Kompyuta mwachie.