Kabla ya kufungua kopo la rangi: kwa wanaoanza kukarabati nyumba kuukuu

Wadogo zangu, kila ninapoingia katika chumba kinachokarabatiwa na mtu anayeanza, nakuta jambo lile lile: makopo ya rangi yamekwisha kununuliwa, tepu imekwisha kubandikwa kwenye fremu za madirisha, na hakuna aliyepanda kutazama paa wala aliyezunguka nje kuona maji ya mvua yanaelekea wapi. Naipenda hamu hiyo ya kuanza, kwa sababu pasipo hamu hakuna anayeweza kukwangua ukuta kutwa nzima. Hata hivyo, nimechoka kuona kazi nzuri ya mikono ikibanduka baada ya msimu mmoja wa mvua, na mwenye chumba akiilaumu rangi ambayo haikuwa na kosa lolote. Haya nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hii wenyewe, chumba baada ya chumba, huku mkiishi ndani ya nyumba hiyo hiyo.

1. Shikeni mpangilio wa kazi. Paa na mifereji hutangulia, hufuata unyevu wa kuta, kisha mabomba na nyaya, kisha plasta na dari, kisha rangi, na sakafu huja mwisho. Anayetangulia kutengeneza sakafu ataimwagia plasta, ataiburuzia ngazi, na mwishowe ataitengeneza upya.

2. Kabla ya kukwangua, jueni mnachokikwangua. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu, na zilizopakwa kabla ya hapo bado zipo chini ya matabaka mapya. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Basi msipige msasa mkavu kwenye rangi msiyoijua, wala msiichome kwa moto: lowesheni, kwangueni taratibu, tandikeni turubai, vaeni barakoa inayozuia vumbi laini kabisa, na watoto pamoja na wajawazito wasikanyage humo mpaka pafutwe kwa kitambaa chenye maji. Asbesto, yaani madini yenye nyuzi yaliyochanganywa katika vifaa vingi vya ujenzi vya zamani, ni jambo zito zaidi. Ikiwa dari, bati za paa au vigae vya plastiki vya sakafuni ni vya zamani na mnavishuku, msivitoboe wala msivivunje, kwa kuwa nyuzi zake zikiingia mapafuni hukaa humo, na maradhi yake, saratani ikiwamo, huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Hiyo si kazi ya kujifanyia. Aitwe mwenye ujuzi na vifaa vyake.

3. Ukuta wenye unyevu haufichwi. Hapa nitakawia, maana ndipo nilipomuumiza mtu aliyeniamini.

Kilikuwa chumba cha kulala cha mama mmoja mzee, katika nyumba ya kuta nene zilizojengwa kwa matofali na chokaa. Kwenye ukuta mmoja rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, na chumvi nyeupe ilikuwa imechomoza juu ya plasta kama kawaida ya kuta za namna hiyo. Mama aliniuliza kama nimeelewa ugonjwa wa ukuta huo. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba plasta ya zamani imechoka na kwamba ukuta huo hautamsumbua tena. Nikabomoa plasta ya chokaa sehemu yote iliyoharibika, nikapiga plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, nikailainisha vizuri, na nilipoona imekauka nikaipaka rangi ile ya kuoshwa inayong'aa kidogo. Chumba kilipendeza. Mama alinishukuru kwa dua, na mimi nikaenda zangu nikiwa na furaha.

Mvua ziliponyesha, unyevu ulirudi, ila haukurudi mahali pake pa zamani. Uliipita plasta yangu kwa nyuma ukapanda hadi usawa wa dirisha, ukaibandua plasta nzuri ya chokaa iliyokuwa juu ambayo haijawahi kuwa na tatizo, ukaozesha ubao wa chini ya ukuta pamoja na mguu wa fremu ya mlango. Nilipogonga plasta yangu kwa mpini wa nyundo, ilitoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Nilipoitoa, iliondoka na nyuso za matofali, kwa kuwa saruji ilikuwa ngumu kuliko matofali yenyewe. Kwa maneno mengine, niliukuta ukuta mgonjwa nikauacha ukiwa na majeraha. Kilichoniuma kuliko yote ni kwamba mama hakunilaumu. Alihamishia kitanda chake sebuleni na kuniuliza tu kama nitarudi.

Nilirudi, na safari hii nilianzia nje. Bomba la kuteremshia maji ya paa lilikuwa limepasuka nyuma ya kichaka, likimwaga maji yote chini ya ukuta ule ule. Udongo wa bustani nao ulikuwa umerundikwa miaka na miaka mpaka ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Plasta haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa ikifanya kazi yake ya kupitisha maji ambayo hakuna aliyeyazuia.

Elewani jinsi kuta hizo zinavyofanya kazi, kwa sababu mkishaelewa hamtahitaji kukariri kanuni. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kabla saruji haijaenea. Joseph Aspdin alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya saruji ya Portland mwaka 1824 huko Uingereza, na mafundi waliendelea kutumia chokaa kwa miongo mingi baada ya hapo. Aghalabu msingi wa nyumba hizo hauna tabaka la kuzuia maji ya ardhini. Maji hupanda kupitia vitundu vidogo vya matofali na udongo wa kujengea, kisha hutoka taratibu kupitia plasta ya chokaa na kuyeyukia hewani. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji na rangi ya plastiki, ni sawa na kumvika koti la mpira mtu anayetoka jasho: maji yanabaki ndani na yanatafuta njia nyingine, ambayo kwa kawaida iko juu zaidi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mkifunge kwa tepu pande zote nne, mkiache kwa siku moja au mbili. Matone yakijitokeza upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakijitokeza upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba chenyewe, na dawa yake ni hewa kupita, si plasta. Nje, shusheni udongo hadi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa takriban sentimita 15, na mwelekezeni maji mbali na msingi. Kisha subirini. Ukuta mnene hukauka kwa miezi, na hakuna feni itakayoufanya ukauke wiki hii kwa kuwa mna wageni wikiendi. Ukishakauka, pigeni plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga mkali, matabaka membamba, kila moja likiachwa lishike kabla ya linalofuata, kwani chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya kabonidioksidi kutoka hewani. Maliza kwa rangi ya chokaa juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Vaeni miwani na glavu, maana chokaa huunguza macho na ngozi.

Ukuta wa mama ulikauka. Rangi yake haing'ai, na mahali palipotengenezwa panaonekana kwa anayejua kutazama, lakini kitanda kimerudi mahali pake.

4. Umeme. Zimeni swichi kuu, halafu hakikisheni kwa testa, yaani kifaa cha kupimia umeme, na testa yenyewe ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, kisha ijaribiwe tena baadaye, kwani testa iliyokufa husema kila waya ni salama. Nyaya za zamani ambazo ganda lake linakatika mkononi au zisizo na waya wa ardhi hazirekebishwi na mtu anayejifunza. Kubadilisha kishikio cha taa na kutandaza nyaya upya ni kazi mbili tofauti. Ya pili ni ya fundi umeme mwenye leseni, na sioni haya kumwambia hivyo yeyote anayedai kwamba alitazama mara moja akaelewa.

5. Rangi juu ya rangi. Sugueni ukuta wa zamani kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi ikilainika na kubaki kwenye kitambaa, ni rangi ya maji; isipotoka, ni ya mafuta, na hiyo lazima ipigwe msasa, ikiwa mmekwisha kujiridhisha kwamba haina risasi, kisha ipakwe praima, yaani rangi ya awali ya kushikisha, kabla ya kupokea rangi ya maji. Plasta mpya ya saruji ipewe kama wiki nne kabla ya kupakwa.

6. Msiziamini pembe. Katika nyumba kuukuu ni nadra kukuta kona yenye nyuzi 90, na anayeanza kupanga vigae kwa kuufuata ukuta atafika upande wa pili akiwa na vipande vyembamba vya pembetatu vinavyomtazama kila asubuhi. Chora mstari katikati ya chumba, na mwingine unaoukata. Kutoka inapokutana, pima sentimita 30 kwenye mstari mmoja na 40 kwenye mwingine. Umbali kati ya ncha hizo ukiwa 50, kona yako ni sahihi, na vigae vianzie hapo. Bafuni, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita moja au mbili katika kila mita.

7. Ukuta haubomolewi kwa kusikiliza mlio wake. Ukuta mwembamba unaweza kuwa umebeba boriti za dari, na uliojaa matofali unaweza kuwa haujabeba kitu. Tazameni boriti zimelalia wapi, na mkibaki na shaka muiteni mhandisi kabla nyundo haijainuliwa.

8. Kabla ya kufunika ukuta wenye mabomba au nyaya, pigeni picha mkiwa mmeweka futi ukutani, ili vipimo kutoka sakafuni na konani vionekane. Andikeni pia namba ya rangi ya kila chumba. Na kabla ya kugusa bomba lolote, nendeni kwenye koki kuu ya maji mjaribu kuifunga; ikiwa imekwama kwa kutu, kazi yenu ya kwanza katika nyumba hiyo ni koki.