Locus iste kushuka sauti katikati

Kwaya yenu hapo Njoro inaanza Locus iste, wimbo wa Kilatini wa mtunzi Bruckner usio na ala, kwenye noti C na kumaliza karibu B, nusu toni chini? Shida iko katikati, kwenye maneno «irreprehensibilis est». Pale besi hunyamaza, sauti tatu zinabaki zikiteremka nusu toni kwa nusu toni, na kila hatua ikipanuliwa kidogo mnazama bila kusikia. Tena huimbwa laini, pumzi inalegea. Fundisheni waimbaji wa tenor kwanza, peke yao, kwa solfa (do, re, mi) kabla ya Kilatini. Hapo wao ndio sauti ya chini kabisa, besi wa muda. Kisha «Locus iste» inaporudi, gongeni C kwenye kinanda: mkiwa sawa hapo, basi tatizo liko baadaye. Na kile kimya karibu na mwisho kihesabuni, msikikate.